Nikiwa Macho Kabisa

Asubuhi ile nilikuwa uani nafua shuka la mama. Pindo la chini lilikuwa na alama za soli za viatu, nyingine za chaki, na moja ya wino ambayo najua ni ya nani ila sitasema. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye cherehani, mdomo umejaa pini, ananitazama kila ninaposugua utadhani nafua ngozi yake mwenyewe.

"Polepole," alisema kwa pembe ya mdomo. "Shuka hilo nimeolewa nalo. Miaka kumi na minane limelaliwa na watu wawili tu, jana likakanyagwa na darasa zima."

Kisa chenyewe ni kwamba ofisi ya mitihani ilitaka picha za watahiniwa zenye bluu kwa nyuma. Si bluu yoyote, bluu ya mbinguni, ndivyo tangazo lilivyosema. Baba ni mpiga picha wa barabarani. Hana studio. Ana kamera moja, kigoda kimoja, na ulimi. Shule ilipotafuta mtu wa kuwapiga picha wanafunzi wa mwaka wa mwisho, baba aliwaambia vifaa vyote anavyo, na pazia la bluu ya mbinguni analo tangu zamani. Kisha akaja nyumbani akatandua kitanda.

Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika nyumba hii ni mimi. Mimi nikiulizwa swali darasani, mwalimu huinama kunisikiliza kama mtu anayetafuta sindano. Basi jana yake niliketi mbele ya shuka la wazazi wangu, wenzangu wamepanga foleni, na baba akainua kamera akasema kwa sauti ya kusikika hadi chooni, "Mwanangu, cheka kidogo, hupelekwi kunyongwa!" Niliomba ardhi ipasuke. Ardhi ikanitazama tu.

Picha hizo zilitakiwa zifike shuleni zimeshasafishwa, siku ile niliyokuwa nafua, saa kumi jioni. Mwalimu wa taaluma alituambia mara mbili: asiye na picha hana namba, na asiye na namba asihangaike kununua kalamu. Kwa kawaida jioni baba huhamishia picha zake kwenye kompyuta, au tuseme mimi ndiye ninayezihamisha, maana baba na kompyuta hawasalimiani. Lakini jioni ile umeme ulikatika mtaani kwetu. Basi darasa zima, watu arobaini na wawili, likalala ndani ya kadi ndogo kama ukucha, ndani ya kamera, ndani ya mkoba wa baba. Nakala nyingine haikuwepo popote. Asubuhi baba akatoka nayo mapema, asubiri duka la kusafishia picha lifunguliwe.

Saa mbili na nusu simu ya mama ikalia. Akatema pini kiganjani.

"Mke wangu," sauti ya baba ilinifikia hadi kwenye beseni, "usishtuke."

Mama akashtuka. "Umegongwa na gari?"

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa tu, kwenye ndoo. Nimekalishwa na mlinzi."

"Na kamera?"

"Kamera amekaa nayo yeye."

* * *

Baba amesimulia mambo ya asubuhi ile mara tisa, na kila mara mlinzi anaongezeka urefu, kwa hiyo nitafuata simulizi ya kwanza.

Kila siku baba husimama kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya lile jengo la vioo lenye orofa kumi na mbili. Pana maua pale, na watu hupenda kupigwa picha wakijifanya ndio wametoka kazini humo. Njia si ya jengo. Ni ya kila mwenye miguu. Sasa, kabla ya mteja wa kwanza, baba ana desturi yake: anapima mwanga. Kamera yake ni kuukuu, yenyewe haiwezi tena kupima. Kwa hiyo hutafuta kitu chenye weupe na weusi pamoja, akakipiga, akatazama, akarekebisha. Na njia nzima ile hakuna weupe na weusi mzuri kama wa mlinzi wa lango: shati jeupe, tai nyeusi, kofia nyeusi. Tena, baba husema, sifa yake kubwa ni kwamba hatikisiki.

Hatikisiki kwa sababu saa ile huwa amelala. Kidevu kifuani, mikono juu ya tumbo, kwenye kiti cha plastiki.

Nyumbani tunamwita Kipimo. Kila jioni nikifungua picha za baba, ya kwanza ni yeye. Jumatatu ameinamia kushoto, Jumanne kulia. Mama akipita nyuma yangu huuliza, "Kipimo hajambo?" nami humjibu, "Hajambo, amelala." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kwamba Kipimo ni mtu. Baba hata ruhusa hakuwahi kumwomba. Nani anaomba ruhusa kwa rula?

Kosa la siku hiyo lilikuwa flashi. Darasani jana yake kulikuwa na kiza, baba akaiwasha, na asubuhi akasahau kuizima. Akasogea hadi hatua tatu kutoka kwenye kiti cha plastiki, akafumba jicho moja, akabonyeza.

Mwanga ulimpiga Kipimo usoni kama radi. Aliinuka na kiti chake, akapuliza filimbi kabla hajafumbua macho, akaupigia ukuta saluti, ndipo akamwona baba.

"Unapiga picha jengo!"

"Sipigi jengo, bwana."

"Unapiga nini?"

Baba angemwambia nini? Nakupiga wewe ukikoroma? Baba ana adabu zake. "Napima mwanga," alisema.

"Mwanga wa nani?"

"Wa jua."

"Jua liko kule juu. Kamera umeielekeza huku." Kipimo akanyoosha mkono. "Mwanga ukishaingia kwenye geti hili ni mali ya jengo. Lete hiyo kamera."

* * *

Mama alifunga duka kwa kuweka kiti juu ya cherehani. "Twende," aliniambia. "Wewe ndiye unayejua mashine. Na hilo shuka lilete."

"Bado bichi, mama."

"Lete hivyo hivyo. Akisema baba yako ni jasusi, tutamwonyesha vifaa."

Nikaenda mjini na shuka bichi begani, linanichuruzikia mgongoni, watu wanageuka. Tulipofika, baba alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kichwa chini, katikati ya vyungu viwili vya maua, kama ua la tatu. Wateja wake walikuwa wanapita.

"Fundi Picha!" mmoja alimwita. "Hongera, wamekuajiri?"

"Bado," baba alijibu. "Nasubiri usaili."

Mlinzi alikuwa ndani ya kibanda, ameinamia kitabu kikubwa. Mwanzoni sikumtambua, kwa sababu alikuwa macho. Nilimjua alipoinama zaidi kuandika, kidevu kikagusa kifua.

"Habari za kazi, kaka," mama alisema.

"Kazi ipo, dada. Leo ipo hasa." Alikigeuza kitabu ili mama aone, kisha akahofia kwamba mama hatasoma vizuri, akakisoma mwenyewe kwa sauti, amesimama. "Saa mbili na dakika nne asubuhi. Nikiwa macho kabisa, nilimwona mtu mwanamume mwenye kamera nyeusi akimulika jengo kwa nia isiyojulikana. Nilimkabili. Nimemkalisha."

"Nia inajulikana, kaka yangu," mama alisema. "Ana watoto arobaini na wawili ndani ya hiyo kamera."

Kipimo alimtazama baba pale kwenye ndoo, akamtazama mama. "Wa mama mmoja?"

"Wa shule! Wanafunzi! Picha zao za mtihani zinatakiwa saa kumi leo. Huyu hapa mmoja wao," akanisukuma mbele, nami nikajificha nyuma ya shuka. "Tupe hata kadi peke yake. Kamera baki nayo, itazame, lala nayo ukitaka."

"Dada, kilichoandikwa kimeandikwa. Kurasa za kitabu hiki zina namba, ukichana moja unakwenda nayo nyumbani na barua. Msimamizi wangu anakuja saa sita. Ataitazama kamera, picha moja moja, ataamua." Akaketi. Akanyoosha tai. "Mwezi huu kuna cheti cha mlinzi bora."

Nilimvuta mama gauni. Akainamisha sikio.

"Mama, huyu ni Kipimo."

"Nani?"

"Kipimo. Wa kila asubuhi. Yumo humo, kwenye kadi. Sijazifuta tangu mwezi uanze."

"Zipo ngapi?"

"Ishirini na sita. Na ya leo."

Mama alimtazama mlinzi vile anavyotazama kitambaa ambacho mtu kashakikata kifupi. Kisha akaenda kwenye ndoo.

Baba aliposikia, alisugua mikono. "Mimi nangoja hilo hilo! Msimamizi aje, aifungue, aone kama kuna hata dirisha moja la jengo lao. Nimeshinda, mke wangu. Nimeshinda nikiwa nimekaa."

"Ukishinda wewe, huyu atakula nini?"

"Kanikalisha kwenye ndoo mbele ya wateja wangu!"

"Kwenye ndoo utainuka. Yeye akishushwa kwenye kile kiti, atainukia wapi?"

Baba akaanza kuchunguza ua. Baba akichunguza ua ujue amekubali ila hataki kuonekana.

Mama akarudi kibandani. Ana sauti moja ya kumwambia mteja kwamba gauni lake limeungua na pasi; aliitumia hiyo hiyo. "Kaka, hapa asubuhi asubuhi, kabla watu hawajaanza kuingia... huwa unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Huchoki?"

"Mlinzi hachoki."

"Basi mume wangu hupima mwanga kwa kukupiga wewe. Kila siku. Kwa sababu hutikisiki."

Ilichukua muda kumfikia. Niliiona ikimpanda kuanzia kwenye buti. Alivua kofia, akaiweka juu ya kitabu, juu ya yale maneno.

"Ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na saba," baba alisema toka kwenye ndoo. Tayari alikuwa upande wa mlinzi, ila mdomo ulikuwa bado haujapata habari. "Ijumaa ulikuwa umeachama."

"Ijumaa!" Kipimo alijishika kichwa. "Jamani, zamu yangu inaisha saa kumi na mbili. Usiku kucha nasimama, sipati hata lepe. Anayenipokea anafika saa tatu, akijisikia saa nne. Leo hajaonekana kabisa. Ni shemeji yake msimamizi, ndugu wa mkewe, sasa mimi niende kumshtaki kwa nani? Kwa dada yake?" Akashusha sauti. "Usingizi mnaouona humo si wangu. Ni wa shemeji. Mimi namlalia tu."

"Basi toa kamera mwanangu azifute," mama alisema. "Dakika moja. Zibaki za wanafunzi."

Kipimo alifungua droo. Aliishika kamera kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha wangu. Ndipo pikipiki ikaingia getini.

"Si ulisema saa sita!" mama alinong'ona.

"Nilimpigia simu asubuhi," Kipimo alisema, karibu alie. "Nilimwambia awahi. Nilimwambia ni tukio kubwa."

* * *

Msimamizi alikuwa mfupi, na kofia ya pikipiki hakuivua muda wote, kwa hiyo alionekana kama mtu anayetegemea kuangukiwa. Alitandaza kitabu, akafuata mistari kwa kidole. Akafika mahali akarudi. Akafika tena, akarudi.

"Nikiwa macho kabisa," alisoma.

"Ndiyo, mkuu."

"Mimi nimesoma vitabu vya walinzi miaka kumi na moja. Nimesoma nyoka. Nimesoma moto. Nimesoma mtu kasahau mtoto getini akarudi baada ya siku mbili. Sijawahi kusoma mlinzi anaandika alikuwa macho. Ni sawa na mpishi aje mezani aseme, leo sikutia sumu." Akanyoosha kiganja. "Kamera."

Hakujua kuiwasha. Baba, kwa mazoea ya kuhudumia watu, aliinuka kwenye ndoo akamwonyesha. "Hapa, mkuu. Halafu mshale huu. Inaanza na ya mwisho."

Ya mwisho ilikuwa ya flashi. Kipimo alionekana kama mchana wa saa saba, kila unywele wa masharubu mahali pake, na mdomo umekaa kama wa mtu anayepuliza chai.

Msimamizi akabonyeza mshale. Wakaanza kupita wanafunzi, mmoja mmoja, mbele ya bluu ya mbinguni. Alipofika kwangu alitazama kioo cha kamera, akanitazama mimi. "Mbona hukucheka?" Kisha wanafunzi wakaisha, Kipimo akaanza upya.

"Jana," alihesabu msimamizi. "Juzi. Hii ni siku ile ya mvua. Hii... huyu ameachama."

"Ijumaa," Kipimo alisema kwa sauti ndogo.

"Na jengo liko wapi, mkuu?" baba aliuliza. Alijizuia lakini ilimtoka. "Nionyeshe dirisha moja tu."

"Hakuna dirisha. Wewe huna kosa."

"Basi nipe kamera yangu."

"Huna kosa, lakini kamera inabaki. Ni ushahidi. Itakaa makao makuu mpaka kesi ya huyu iishe."

"Mpaka lini?"

"Wiki mbili. Mwezi. Kesi ni kesi."

Baba akarudi kuketi kwenye ndoo. Mama alimwambia msimamizi habari ya watoto. Akamwambia habari ya saa kumi, habari ya namba, habari ya mtihani. Alishika hadi usukani wa pikipiki. Msimamizi alitikisa ile kofia yake kushoto na kulia. Watu walikuwa wameanza kusimama njiani, na mimi katikati yao na shuka, natamani kuingia ndani ya ndoo. Nilikuwa nayaona madawati yote ya darasa letu, nyuso zote arobaini na moja zikigeuka nyuma kunitazama. Binti wa yule aliyepoteza picha zetu. Wangeniita hivyo hadi nizeeke.

Msimamizi akaiweka kamera juu ya kitabu, ile picha ya flashi ikiwa wazi, akatoa simu yake mfukoni. "Kwanza niwarushie makao makuu wajionee," alisema, akainua simu, akaielekeza kwenye kamera. Nyuma ya kamera lilikuwapo jengo lote, orofa kumi na mbili, linang'aa.

Sijui nani alinifungua mdomo.

"Samahani," nilisema. "Hapa si hairuhusiwi kupiga picha?"

Haikuwa sauti kubwa. Lakini watu wote walikuwa kimya, kwa hiyo ilifika. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine. Hata Kipimo, na hali ilivyokuwa, alikohoa kwa namna isiyo ya kikohozi. Mama alinigeukia kama mtu aliyesikia kabati linaongea.

Msimamizi aliishusha simu polepole. Masikio hatukuyaona, ila nadhani yalikuwa ya moto.

"Sawa," alisema. "Tutafuata utaratibu." Akatoa fomu kwenye begi la pikipiki. Fomu ya nidhamu, kurasa tatu. Akaijaza yeye mwenyewe juu ya tangi la mafuta, jina, namba ya kazi, kosa, tarehe, kwa mwandiko wa hasira. Ukurasa wa tatu akasimama. "Picha zako mbili za pasipoti ziko wapi?"

"Sina, mkuu."

"Fomu hii ina nafasi mbili za picha. Isipokuwa na picha hawaipokei. Mwezi uliopita walinirudishia tatu."

"Sijawahi kupigwa picha mimi," Kipimo alisema, kisha akasita. "Yaani, nikijua."

Msimamizi akatazama fomu. Akatazama kamera. Akatazama pembeni, kwenye ndoo.

"Wewe. Unapiga pasipoti?"

Baba aliinuka, akakung'uta suruali. "Kwa kamera ipi, mkuu?"

* * *

Hivyo ndivyo kamera ilivyorudi mikononi mwa baba.

Jengo lisionekane, alisema msimamizi, huku akimtazama kila mtu isipokuwa mimi. Kwa hiyo mama alishika ncha moja ya shuka na mimi nikashika nyingine, tukalinyanyua juu hadi orofa zote kumi na mbili zikapotea. Lilikuwa limeshakauka kiasi. Kipimo akaketi mbele yake kwenye kiti chake kile kile, mgongo wima kama mtahiniwa.

Baba akabonyeza. Flashi ikawaka. Kipimo akafumba macho.

"Tena," baba alisema. Ikawaka. Akafumba.

"Tena." Akafumba.

"Hata sasa hivi amelala!" msimamizi alipiga kelele.

Baba akaigeuza kamera, akaizima ile flashi yake ya balaa. Akaenda akamwekea Kipimo tai sawa. Nilimsikia akisema chini chini, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilitakiwa nikuombe siku ya kwanza." Akarudi nyuma hatua tatu. "Haya. Nitazame mimi."

Picha ya nne ilitoka. Mwezi mzima nilikuwa namwona mtu yule kila jioni, na sikuwahi kuyaona macho yake. Yalikuwa mekundu, na makubwa kuliko nilivyodhani.

"Nazitaka kesho," msimamizi alisema akipanda pikipiki. "Hizo mbili za pasipoti, na zile za usingizi zote, zimesafishwa, kwenye bahasha. Bila hizo sina kesi." Akachukua namba ya simu iliyoandikwa mgongoni mwa fulana ya baba. Kisha akamgeukia Kipimo. "Na wewe endelea na kazi mpaka fomu ikamilike. Hakuna mtu mwingine wa kukaa hapa."

"Na shemeji?"

"Shemeji anaumwa," alisema, akaondoka.

Darasa letu lilifika shuleni saa kumi kasoro dakika saba. Mimi nilikimbia, baba alikuja nyuma akihema. Mwalimu wa taaluma alizipanga mezani zote arobaini na mbili, akazitazama sana. "Bluu nzuri hii," alisema. "Pazia mmelitoa wapi?" Baba alifungua mdomo, nami kwa mara ya kwanza maishani nikamtangulia. "Nyumbani," nilisema, nikatoka mbio.

* * *

Umeme ulirudi jioni ile. Nilifungua kompyuta, zikaja zile ishirini na saba. Sikumwuliza mtu. Mkono wangu uliteleza, ukateleza tena, ukateleza mara ishirini na saba. Baba alikuwa nyuma yangu akichunguza dari.

Lakini za pasipoti zilikuwa zimeshasafishwa pamoja na zetu, ziko kwenye bahasha ndogo mezani. Baba alikuwa anaizunguka. "Nimeahidi kesho," alisema. "Mimi sijawahi kumvunjia mteja ahadi."

"Ndiyo maana huna studio," mama alisema. Alikuwa anamalizia gauni la mtu aliyeambiwa angelipata mwezi uliopita. "Mume wangu, wewe umeishi na fundi cherehani miaka kumi na minane, hujajifunza kitu? Fundi hakatai kazi. Kukataa ni utovu wa adabu. Fundi anasema kesho."

"Na kesho ikifika?"

"Ikifika inaitwa leo. Kesho inabaki palepale."

Akaichukua bahasha, akaifukia ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, kwenye vile vya makoti ambavyo havitafutwi na mtu.

Siku ya pili msimamizi alituma ujumbe. Ujumbe kwenye simu ya baba naujibu mimi, kwa kuwa baba anajua kupiga tu. Nikaandika: kesho, mkuu, wino wa bluu umeisha. Wiki iliyofuata nikaandika kwamba mashine ya kukatia ni mbovu. Nilijikuta naandika vizuri sana, bila hata kutetemeka. Wiki ya tatu nikamwandikia kwamba fundi amefiwa, mama akanikanya, akasema tusiue mtu, tutaishiwa.

Kipimo yupo bado. Baba amehamisha kigoda chake. Sasa wateja wanapanga foleni mbele ya kiti cha plastiki, na mtu akipita barabarani haoni kitu ila foleni. Mwanga anaupima kwa ua. Shemeji anaingia saa nne.

Jana Jumapili nilikuwa natandika kitanda cha mama. Shuka la bluu limerudi kazini, alama ya wino haikutoka. Simu ya baba ilikuwa juu yake, ikatikisika.

"Nauliza picha za yule mlinzi. Fomu iko hapa, imekamilika kila kitu, inasubiri hizo tu. Ziko tayari au haziko?"

"Nani?" mama aliuliza toka mlangoni.

"Msimamizi."

Cherehani ikasimama. "Anasemaje?"

"Anauliza kama ziko tayari."

Mama alitazama kopo la vifungo. Nilimwona akitafuta neno, akipitisha kesho zote alizowahi kuwaambia watu, akiona kwamba swali hili halina kesho. Kisha akairudisha pini mdomoni, cherehani ikaendelea.

Nilisoma ule ujumbe mara ya pili. Halafu, bila kujibu, nikailaza simu kifudifudi, nikaivutia shuka juu, nikamalizia kutandika.